Mkia wa Mkanda wa Kiluwasha

Mhando alipofungua kopo la babake, harufu ya siki ilimpanda puani, kali kama ya achari iliyosahauliwa, na moyo wake ukaruka kwa furaha.

Alilifunga haraka. Upande wa pili wa rafu, Bi Shekigenda, mkuu wa ghala la mikanda, alikuwa amesikia mlio wa kifuniko.

"Umenusa nini?"

"Siki."

"Kopo la nani?"

"La Kiluwasha."

Bi Shekigenda alikuja akiburuta koti lake zito la chumba cha baridi. Akafungua kopo, akainamisha uso, akakunja pua.

"Maskini marehemu mzee," alisema. "Na Jumamosi Baraza la Malenga linakuja kuutazama mkanda wake. Mbona unatabasamu?"

"Midomo imekauka tu, mama. Ni baridi."

Alimtazama kidogo, kisha akamkabidhi kopo. "Utaunakili wewe. Mikono yako ndiyo pekee ninayoiamini kwa mkanda uliofikia hapo. Huu utapita kwenye mashine mara moja tu, baada ya hapo utakuwa makapi. Na mkanda mpya nilionao ni mmoja, shehena nyingine haijafika. Usikosee."

"Nimewahi kukosea?"

"Hujawahi kumnakili baba yako."

Chuo Kikuu cha Shagayu kilichimba vyumba vyake ndani ya mlima kwa sababu ya ubaridi, nayo nchi nzima ikaleta humo mikanda yake. Siku hizi picha ya simu haimshtui hata mtoto. Kuna programu inaitwa Kinywa. Ukiilisha sauti ya mtu na sura yake, itamfanya aseme lolote unalotaka, jasho likimtoka na kope zikipepesa. Mwanamke wa sokoni akionyeshwa mwanawe anamtukana kwenye simu, hucheka tu akaendelea kupima nyanya. Kwa hiyo mahakama, koo, mashehe na wachungaji walirudi kwenye filamu, ile yenye madini ya fedha, inayokamatika kwa mkono na kutazamika kwenye mwanga wa dirisha.

Lakini filamu nayo hufa. Mwili wake huoza ukatoa siki, na mvuke wa siki huambukiza makopo ya jirani. Mkanda ukiugua lazima unakiliwe, na anayenakili anaweza kudanganya. Ndiyo maana kila nakala ina mkia. Mnakilishi akimaliza kazi husimama mbele ya kamera, akapigwa picha kwenye mkanda uleule, na kusema maneno matatu: nimeona, sikuongeza, sikupunguza. Hupigwa mara moja, bila kurudia. Tangu hapo uso wake unaufuata mkanda huo popote uendapo. Ikibainika kwamba amewahi kugusa Kinywa, hata kwa mzaha, hata nyumbani kwake, mikanda yote yenye uso wake mkiani inafutwa. Ndoa, mipaka ya mashamba, wosia, vyote vinakuwa kama havikuwahi kutokea.

Uso wa Mhando ulikuwa kwenye mikia mingi sana. Watu wa Usambara waliokutana naye njiani walimwita Bwana Mkia, naye alichukia jina hilo kama alivyochukia viatu vya kuazima.

Alitaka kuitwa malenga.

*

Aliulaza mkanda juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akavaa glavu, akaanza kuukunjua kwa mkono, polepole, visikizi masikioni.

Kibaraza cha nyumba yao kilijitokeza. Mzee Kiluwasha alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, na miguuni pake, juu ya mkeka, alikaa Nasoro, mtoto wa mke mkubwa. Nasoro wa wakati ule alikuwa mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi. Mzee alikuwa ameweka mkono begani pake.

Mhando aliutazama ule mkono katika kila picha. Zilipita picha nyingi na mkono haukuondoka. Yeye aliguswa begani na babake alipokuwa akisogezwa tu apishe njia.

"Mwenzio ana ulimi, wewe una mikono," mzee alimwambia siku alipokwenda kumsomea shairi lake la kwanza. Hakungoja hata ubeti wa pili. Mhando alijifunza mizani peke yake, akihesabu kwa vidole mistari ya malenga waliosomwa redioni, akavunja vina, akavirekebisha, akatunga hadi akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba ni mzuri. Hakuwa na shaka hata chembe. Alichokosa ni mtu mmoja wa kusikiliza, na mtu huyo alikuwa humu kwenye meza ya kioo, akimtazama Nasoro kama anayetazama mvua.

Kwenye visikizi, sauti ya mzee ilikuwa imefika mwisho wa Utenzi wa Mporomoko, utenzi wa mlima ulioangukia kijiji alichozaliwa.

*Mlima umeondoka,*
*Na shamba umefunika,*
*Na jina limezikika,*
*Wa kuulizwa ni nani?*

Baada ya huo ulikuwa ubeti wa kufunga. Malenga wa Shagayu hawauandiki. Humwambia mrithi peke yake, mara moja, mbele ya kamera. Malenga akifa, mrithi huusema mbele ya Baraza, mkanda ukaonyeshwa, na maneno yakilingana anapewa kiti.

Mzee aliinama kuelekea sikio la Nasoro. Akafungua mdomo.

Picha ikayeyuka.

Mwisho wa mkanda ulikuwa umeviringishwa ndani kabisa, mahali ambapo mvuke haukupata pa kutokea, na siki ilikuwa imekula uso wa mzee, ikala midomo, ikala na ule mstari mwembamba wa sauti ulio pembeni. Visikizini ilisikika kelele tupu, kama mafuta yanayokaanga.

Mhando alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kelele. Akavua visikizi na kucheka peke yake.

*

Nasoro alikuja siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amenenepa vizuri na bado alipendwa na kila mtu. Alimsalimia bawabu kwa jina, akamtania mpishi wa kantini kuhusu wali wake, na alipofika kwa Mhando alimkumbatia kabla hajakwepa.

"Bwana Mkia!"

"Usiniite hivyo, kaka."

"Haya, mheshimiwa. Njoo garini. Huku ndani kuta zina masikio."

Gari lilikuwa kwenye maegesho, chini ya mivinje. Nasoro alifunga vioo, na ghafla uso wake ukapoteza ucheshi wote.

"Mkanda wa mzee ukoje?"

"Unaumwa."

"Sana?"

"Ubeti wa kufunga umeliwa. Picha na sauti."

Nasoro alifunika uso kwa viganja. Mhando alimtazama kwa raha.

"Huna haja ya kulia," alisema. "Wewe si unaujua? Simama uuseme."

"Siujui."

"Unasemaje?"

"Siujui, Mhando! Nimeusahau. Nilikuwa kijana, mzee alinong'ona mara moja, na mimi nikajiambia, kuna haja gani ya kujichosha, mkanda utautunza. Miaka yote nimelala usingizi nikijua uko hapa kwenye baridi yenu. Nilikuwa nije niutazame wiki hii, niukariri."

Mhando alimtazama kaka yake kwa chuki safi. Yeye angeukariri kabla mzee hajafunga mdomo.

"Basi pole," alisema, akashika mlango.

"Tunga wewe."

Mkono wake ulisimama kwenye kitasa.

"Usijifanye hujasikia," Nasoro alisema. "Mimi si mtunzi. Ninasoma vizuri, nina sauti, watu wananipenda, basi. Wewe ndiye unayetunga. Nimeona yale unayobandika mlangoni kwako. Yananikosesha raha, kama unataka kujua. Tunga ubeti mmoja, tuutie kwenye sauti ya mzee, wewe unautia kwenye nakala pale palipoliwa. Nani atajua?"

"Mimi."

"Na mimi. Ndugu wawili."

Mhando angeshuka. Angekuwa na akili angeshuka. Lakini tangu jana, tangu kelele zile za mafuta, ubeti ulikuwa ukimzunguka kichwani bila kuitwa, na sasa alikuwepo mtu mmoja duniani aliyeuomba. Aliusema taratibu, macho yake kwenye kioo cha mbele.

*Niulizeni mwanawe,*
*Niliyeachiwa jiwe,*
*Nataka kinywa nipewe,*
*Niwataje wa shimoni.*

 Nasoro alitoa simu, akafungua Kinywa, akaandika maneno, akatafuta picha ya mzee aliyokuwa nayo, na kabla Mhando hajamzuia akaiegemeza juu ya usukani.

Mzee Kiluwasha alionekana kwenye simu. Alikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa. Akasema, "Niulizeni mwanawe."

Mhando aliisogelea simu. Ile sauti ambayo haikungoja ubeti wa pili ilikuwa ikibeba maneno yake, mstari kwa mstari, ikiyapa uzito, ikituliza pumzi mahali hasa alipotaka itulizwe. Ilipofika kwenye *shimoni*, mzee aliinua macho.

"Rudia," Mhando alisema.

Nasoro alirudia. Mara ya tatu alikuwa akilia kweli, machozi yakimdondokea kwenye shati.

"Ndio huo," alisema. "Wallahi ndio huo. Sasa nakumbuka! Aliniinamia hivi, akasema, niliyeachiwa jiwe. Nilisikia pumzi yake sikioni. Mhando, umeupata wapi?"

"Nimeutunga."

"La, la. Labda ulisikia ukiwa mtoto, ulikuwa ndani, dirisha lilikuwa wazi. Huo ni wa mzee. Hakuna mwingine anayeweza kusema hivyo."

"Nimeutunga mimi. Jana, mezani kwangu."

Nasoro alimshika bega, kwa upendo. "Haidhuru, mdogo wangu. Wewe umeuokota, mimi nimeukumbuka. Mzee amerudi."

Mhando aliuona ubeti wake ukimtoka mikononi mchana kweupe, na mwizi akilia kwa shukrani. Afadhali Nasoro angedanganya. Macho yale hayakuwa ya mwongo. Tayari alikuwa na kumbukumbu nzima, pumzi na yote, na ndani yake Mhando hakuwemo. Na yule aliyekuwa kwenye simu, aliyekataa kumsikiliza akiwa hai, sasa amekufa na bado anachukua.

Akanyakua simu, akafuta. Akafuta na mahali pa kufufulia vilivyofutwa.

"Mkanda utakwenda kama ulivyo," alisema. "Penye kelele pataachwa kelele."

"Unaona wivu tu, Mhando."

"Ndiyo."

"Hata kama mzee atapotea?"

"Usijaribu kuusema mbele ya Baraza. Mkanda hautakusaidia."

Alibamiza mlango kiasi kwamba bawabu aligeuka.

*

Ijumaa mkanda wa Kiluwasha ulipita kwenye mashine ya kunakili. Ulipita ndani ya maji yake mazito yanayoziba mikwaruzo, picha moja baada ya nyingine, na nyuma ya mashine ukaanguka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Mhando hakuugusa zaidi ya ilivyohitajika. Mkono wa mzee begani mwa Nasoro aliupitisha wote, bila kupunguza hata picha moja. Uso ulioliwa aliupitisha. Kelele alizipitisha. Haikuwahi kutoka mikononi mwake nakala safi kama ile.

Bi Shekigenda aliwasha taa ya mkia, akasimama nyuma ya kamera.

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

Kamera ikaanza kunguruma. Mhando alinyoosha mgongo. "Nimeona," alisema. "Sikuongeza." Hapo akamwona Nasoro mbele ya Baraza, shati jeupe, mdomo wazi, na kelele za mafuta zikimjibu. "Sikupunguza."

Kamera ikanyamaza. Bi Shekigenda hakuinua macho.

"Umecheka," alisema.

"Sikucheka."

"Umecheka, baba. Si kicheko kizuri."

"Basi turudie."

"Kwa mkanda gani?"

*

Ukumbi wa chuo ulijaa. Wajumbe wa Baraza walikaa mbele, na katikati yao mwenyekiti, Bwana Dafa, mtu mkavu mwenye kofia ya kufumwa. Nasoro alikaa upande wa kulia peke yake. Bi Shekigenda alikuwa kando ya projekta, kopo tupu mapajani. Mhando alisimama ukutani karibu naye, kama inavyompasa mnakilishi.

Taa zikazimwa. Mzee Kiluwasha akatokea, mkubwa kama nyumba, na ukumbi mzima ukaguna kwa mapenzi. Akasoma. Wazee wakasoma pamoja naye kwa midomo. *Wa kuulizwa ni nani?* Akainama, uso ukayeyuka, kelele zikajaza ukumbi.

Kisha akatokea Mhando.

Alikuwa hajawahi kujiona mkubwa kiasi kile. Alikuja baada ya uso wa babake ulioliwa, bila hata nukta ya giza katikati, na alikuwa anafurahi. Macho yalikuwa yanang'aa. Pembe moja ya mdomo ilipanda, ikabaki juu. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, na mwendesha projekta, kwa desturi, akaisimamisha picha ya mwisho ili Baraza limtambue mnakilishi.

Haikuondolewa.

"Mkanda umenyamaza," Bwana Dafa alisema. "Nasoro, mwanangu, ulipewa nini?"

Nasoro alisimama. Hakutetemeka. Aliusema ubeti kama mtu anayetoa kitu kifuani, na alipofika mwisho mzee mmoja wa Baraza alivua miwani akajifuta macho. Walikuwa wamemjua Kiluwasha. Walisikia Kiluwasha.

Bwana Dafa alingoja ukumbi utulie. "Mnakilishi. Wewe umekuwa na mkanda huu masikioni. Maneno haya uliyasikia?"

"Sikuyasikia. Hakuna anayeweza kuyasikia, hayamo."

"Basi kaka yako ameyatoa wapi?"

"Kwangu. Ubeti huo ni wangu."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Watu walimtazama, wakaitazama picha yake kubwa, wakamtazama tena.

"Una mkanda unaokuonyesha ukiutunga?"

"Sina."

"Nasoro aliusikiaje kutoka kwako? Wapi? Wakati gani? Tueleze, kijana, tuko tayari kusikiliza."

Walikuwa tayari kweli. Wote walikuwa wamegeuza nyuso kwake, watu ambao kwa miaka alitamani wamgeuzie. Angesema maegesho. Angesema simu, usukani, Kinywa. Nasoro mwenyewe asingekana, hakuwa mtu wa kukana. Ubeti ungekuwa wake leo hii, mbele ya Baraza zima.

Na jioni wangeanza kufuta. Alimwona Bi Shekigenda, mikono yote miwili juu ya kopo, akimtazama bila kupepesa. Huenda alijua. Wangemfuta mzee, na asilia yake tayari ilikuwa maganda kwenye ndoo. Wangefuta mpaka wa shamba la mjane mmoja wa Rangwi. Wangefuta ndoa za watu ambao watoto wao walimpungia mkono barabarani. Kila mkia wenye uso wake.

 Alikuwa na hasira nyingi kuliko maneno.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "sina mkanda."

"Hilo umeshasema. Una la kuongeza?"

"Sina."

"Mwacheni, Bwana Dafa," Nasoro alisema, sauti ikimtetemeka kwa huruma. "Naye amefiwa kama mimi. Mzee hakumpa nafasi, sote tunajua. Si kosa lake kuutaka."

Huruma ile ilimchoma Mhando kuliko kofi. Aliuma ulimi, akatazama sakafu, wakati Baraza likinong'onezana, na hakuinua macho hata waliposimama kumvika Nasoro joho la malenga na ukumbi ukapiga vigelegele.

Watu walitoka. Ngazi za ukumbi zilikuwa ndefu, zikiteremka hadi bustani, na umati uliteremka ukizungumza. Mzee aliyejifuta macho alikuwa akimfundisha mwenzake ubeti, akipiga mizani kwa fimbo. Wasichana wawili wa chuo waliushika njiani, wakaughani kwa mahadhi. Mtu akasema, "Kiluwasha huyo, bwana! Hata amekufa anakutoa machozi." Mwingine akajibu kwamba katika maisha yake yote mzee hakuwahi kutunga ubeti uliopita huo.

Mhando alisikia. Alitaka kuwakimbilia, kumshika kila mmoja kola. Alitaka pia waurudie.

"Mhando," Bi Shekigenda alisema nyuma yake. Mkanda ulikuwa umekwisha rudi kwenye kopo, naye alikuwa akimnyooshea. "Urudishe kwenye baridi. Huku juu kuna joto."

Alilipokea. Lilikuwa zito kwa kilichokuwemo, mzee, na mkono ule, na kelele, na uso wake mwenyewe ukicheka kwa karne zijazo. Chini bustanini ubeti wake ulizidi kusambaa, kila kinywa kikimtaja babake. Akalikumbatia kopo kifuani lisitikisike, akaanza kushuka upande wa pili, kuelekea ndani ya mlima.